Nani Aliyetuchekesha Plateau?

MSOMAJI mpenzi, wengi wetu tukifika Eldoret huwa na haraka. Tunashuka kwenye basi, tunakunywa chai ya maziwa mazito, tunanunua mursik ya kupelekea jamaa, kisha tunadandia gari jingine la kwenda Kitale, Malaba au Nairobi. Leo nakuomba usiwe na haraka hiyo. Eldoret, ambako wazee bado hukuita Sisibo kwa kukumbuka shamba nambari 64 mji ulikoanzia, ilitawazwa kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024. Jiji lina mengi ya kuonyesha, lakini mimi nataka kukutoa nje yake. Panda matatu ya upande wa Kaptagat, uelekee kusini-mashariki, tushuke sote Plateau.

Usitarajie maajabu. Hakuna ngome ya kale wala ziwa lenye heroe. Utakachokuta ni stesheni ya reli, maduka, mashamba ya mahindi na ngano, ng'ombe wa maziwa, na baridi itakayokufanya ujute kuacha sweta nyumbani. Jina lenyewe ni la Kizungu na maana yake ni uwanda wa juu. Nao uko juu kweli, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi na mapema, kabla ukungu haujainuka, utapishana na vijana wanaokimbia kwa makundi, kimya kimya, pumzi zikiwatoka kama moshi. Hapa ni jirani na Kaptagat, ambako wanariadha wanaojulikana dunia nzima hufanyia mazoezi. Mtu akikupungia mkono na kusema "Chamgei," mjibu "Chamgei mising," na utakuwa umekaribishwa.

Mimi sikuja huku kutazama wakimbiaji. Nilikuja kumtafuta mtu aliyetuandikia filamu.

Usicheke, msomaji. Nitakueleza.

Gari la sinema

Reli inayopita Plateau hupanda kutoka Nakuru, ikafika kilele chake Timboroa, kisha ikateremka kuja huku hadi Eldoret, ambako ilifika mwaka 1924. Nilipokuwa mtoto, babangu alikuwa kibarua wa kontrakta mmoja aliyekuwa akitengeneza njia ya reli. Tuliishi katika vibanda vya vibarua, si mbali na stesheni. Kazi ya baba ilikuwa kubeba kokoto na mataruma, yale magogo yanayolala chini ya vyuma vya reli. Alilipwa kwa siku alizoandikiwa na mnyapara. Siku isiyoandikwa ilikuwa siku isiyoliwa.

Baba alikuwa mtu wa kunyamaza. Akirudi jioni alinawa, akala, akakaa kwenye kigoda akitazama moto. Sikumbuki kumsikia akiimba. Kumcheka mtu, au kucheka tu, hayo yalikuwa mambo ya watu wengine.

Ndipo mwaka 1974, nikiwa darasa la tatu, gari la sinema likaja. Vijana wa leo mliozaliwa mkaikuta televisheni sebuleni hamwezi kujua shangwe iliyokuwapo. Gari lilizunguka mchana kutwa likitangaza kwa kipaza sauti. Jua lilipotua, shuka jeupe likatundikwa kati ya nguzo mbili, jenereta ikaanza kunguruma, na watu wakaja kutoka kila upande: vibarua wa reli, wakama ng'ombe, wenye maduka, kina mama na watoto mgongoni. Kwanza tulionyeshwa matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia. Baadaye ikaja filamu yenyewe. Ilikuwa ya zamani, bila rangi na bila sauti, na kati ya picha na picha vilitokea vibao vya maandishi ya Kiingereza.

Sasa, nani kati yetu angesoma Kiingereza kile? Ndiyo maana wenye gari walimwita mtu wa hapo Plateau ashike kipaza sauti. Alikuwa karani wa kupima maziwa, kijana mwembamba aliyejua Kiswahili, Kinandi na Kiingereza cha kutosha. Akasimama kando ya gari na kuanza kutuambia mambo yaliyokuwa yakitendeka.

Filamu ilimhusu dereva wa garimoshi, mtu mdogo wa umbo, mwenye uso ambao hautabasamu hata kidogo. Msichana anayempenda amemkataa kwa kuwa hakuchukuliwa jeshini. Anakwenda kuketi kwa huzuni juu ya chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya garimoshi. Amezama katika mawazo, mara garimoshi linaondoka, na kile chuma kinampandisha na kumteremsha polepole, naye hana habari. Karani wetu akasema kwa sauti ya upole, "Jamani, hata garimoshi limemwonea huruma. Linambembeleza kama mtoto." Kina mama wakasema "Ai!" kwa pamoja.

Baadaye maadui wakaliiba garimoshi lake, naye akawafuata, kwanza kwa miguu, kisha kwa toroli ya reli, kisha kwa baiskeli, mwishowe kwa garimoshi jingine. Maadui wakaangusha magogo kwenye reli ili wamzuie. Yule bwana akashuka, akalikumbatia gogo moja zito akiwa peke yake, na garimoshi likamzoa kwa mbele, gogo kifuani. Mbele yake kuna gogo la pili. Akaliinua lile la kwanza, akalirusha likagonga ncha ya la pili, yote mawili yakaruka nje ya reli.

Karani akapaza sauti: "Mnyapara! Taruma moja watu hubeba wanne. Huyu ameondoa mawili peke yake. Mwandikie siku mbili!"

Msomaji, uwanja ulilipuka. Vibarua walisimama wakapiga makofi. Nami nikageuka nikamwona babangu amejishika mbavu, machozi yakimtoka, akicheka kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo. Baba alifariki miaka mingi iliyopita, na hicho ndicho kicheko chake cha pekee ninachokikumbuka.

Maneno yasiyokuwamo

Nilikua, nikasoma, nikahamia Nairobi. Mwaka 2009 rafiki alinialika katika ukumbi mmoja wa jiji kutazama filamu za kale. Taa zikazimwa, na mara nikamwona yule dereva wa uso mkavu. Moyo ulinidunda. Ndipo nilipolijua jina la filamu, The General, iliyotengenezwa mwaka 1926, na jina la mchezaji, Buster Keaton. Nikawa nangoja pale pa magogo ili nisome kwa macho yangu yale maneno ya siku mbili.

Hayakuwamo. Magogo yaliruka, watu ukumbini wakacheka, na filamu ikaendelea bila kibao chochote. Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa kama mtu aliyeibiwa. Kwa miaka 35 nilikuwa nikiamini kwamba Mmarekani fulani alimchekesha babangu. Kumbe aliyeyatunga maneno yale alikuwa mpima maziwa wa Plateau.

Tangu hapo nikaanza kuuliza swali ambalo sikuwahi kuuliza: kicheko kinapotoka kwenye filamu, ni nani aliyekiandika?

Sote tunamjua Charlie Chaplin. Kiswahili kina neno chale, yaani mtu wa kuchekesha, na mimi siwezi kulisikia nisimkumbuke Charlie. Chaplin alijitungia vichekesho vyake mwenyewe, lakini wenzake wengi walisaidiwa na watu ambao sura zao hazikuonekana kamwe. Katika The General, waliotajwa kuwa waandishi pamoja na Keaton ni Clyde Bruckman, Al Boasberg na Charles Smith. Je, umewahi kuyasikia majina hayo? Bruckman alikuwa mwandishi wa habari za michezo kabla ya kuingia Hollywood, akawa fundi wa kubuni visa vya kuchekesha, na katika filamu hii akaongoza pamoja na Keaton. Kuna mahali ambapo garimoshi la kweli linatumbukia mtoni daraja linapovunjika. Jambo hilo lilifanywa kweli, katika jimbo la Oregon. Hata hivyo, filamu hiyo haikupokewa vizuri ilipotoka. Ilichukua miaka mingi watu kuona thamani yake, na mwaka 1989 ilikuwa miongoni mwa filamu za kwanza kabisa kuchaguliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani ili zihifadhiwe. Bruckman hakuwapo kuiona siku hiyo. Alikufa mwaka 1955, amefilisika, kazi zimemwisha, akajitoa uhai kwa bastola aliyoiazima kwa Keaton mwenyewe.

Wapo na wale waliokuwa wakiandika vibao vya maandishi. Harley Walker, naye pia mwandishi wa michezo katika gazeti la Los Angeles, aliajiriwa na Hal Roach akawaandikia Harold Lloyd, na baadaye Laurel na Hardy, yaani yule mnene na yule mwembamba. Filamu yao The Music Box ya mwaka 1932, ambamo wanapandisha piano kwenye ngazi ndefu isiyokwisha, ilipata tuzo ya Oscar kwa vichekesho vifupi, na mazungumzo yake ni ya Walker. Ngazi zile zipo mpaka leo mjini Los Angeles, na watalii huenda kuzihesabu. Ni wangapi kati yao wanaolitaja jina la Walker?

Wanafunzi wa kike wanaosoma ukurasa huu nawaomba walikumbuke jina la Anita Loos. Alizaliwa mwaka 1888, na mwaka 1912 hadithi yake The New York Hat ikageuzwa filamu. Mwaka 1916 aliandika His Picture in the Papers, filamu ya kumcheka mtu anayefanya kila njia ili picha yake itoke magazetini. Wakati huo wakubwa wa sinema waliamini kwamba watu hawaendi kutazama picha ili wasome. Loos akatia mzaha ndani ya vile vibao vyenyewe, na watazamaji wakacheka kwa kusoma. Kabla yake vibao vingi vilikuwa vya kusema tu "siku ya pili" au "nyumbani kwa tajiri". Baada yake, kibao kilipata ulimi.

Na ulimi huo, msomaji, ndio karani wetu aliokuwa nao usiku ule.

Jamaa zake waliotawanyika

Usidhani karani huyo alikuwa peke yake Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mpango wa kutengeneza filamu za mafunzo na kuzitembeza vijijini. Hizo zilikuwa za kufundisha mambo kama kulipa kodi na kuweka pesa akiba posta, na maelezo yake yalitolewa kwa lugha za Kiafrika. Mwaka 1952 ikatengenezwa Tanganyika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Tunaikumbuka kwa sababu aliyeigiza humo, Rashidi Kawawa, alikuja kuwa Waziri Mkuu. Jaribu kumuuliza mtu hadithi yenyewe iliandikwa na nani, uone atakavyokutazama.

Hata hapa kwetu ni vivyo hivyo. Nani asiyemjua Mzee Ojwang' wa Vitimbi, marehemu Benson Wanjau aliyetuaga mwaka 2015? Lakini mimi na wewe tulicheka miaka nenda miaka rudi bila kuuliza ni nani aliyekaa na kalamu, au ni mzaha upi ulizaliwa papo hapo mdomoni mwa mchezaji.

Na siku hizi kazi ya mshika kipaza sauti imerudi kwa kishindo. Dar es Salaam walimsikiliza Lufufu akitafsiri filamu za kigeni. Kampala wanaye VJ Jingo. Kenya nzima, kuanzia kibanda cha kinyozi hadi ndani ya matatu, inamjua DJ Afro, anayeweza kumfanya askari wa Hong Kong azungumze kama kijana wa mtaani. Wapo wanaowadharau watu hawa, wakisema wanaiharibu filamu. Mimi siwezi kusema hivyo. Ningesema hivyo ningekuwa nakikana kicheko cha babangu.

Nyumbani kwa mzee

Basi nikarudi Plateau. Niliuliza madukani, nikaelekezwa kwa mtu mmoja, yeye akanielekeza kwa mwingine, hadi nikafika kwenye boma lenye ua wa miti na ng'ombe watatu. Yule karani sasa ni mzee aliyepita miaka 80, anatembea kwa mkongojo, na macho yake hayaoni vizuri. Ameniomba jina lake lisichapishwe gazetini, nami nimeheshimu neno lake.

Nilipomwambia mimi ni mtoto wa nani, alinyamaza kidogo. "Yule mrefu? Aliyekuwa hasemi?" Nikasema ndiye. Akaagiza chai.

Nilimweleza nilivyokwenda kuyatafuta maneno yake ndani ya filamu nikayakosa. Mzee akacheka hadi mkongojo ukaanguka. "Mwanangu, mimi niliandika wapi? Nilikuwa nasema tu." Nikamsifu, akanikatiza: "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Lakini nilipomuuliza alifanyaje kazi ile, alijibu kama fundi. "Picha nilikuwa siitazami sana. Nilitazama watu. Mbele wakikaa watu wa maziwa, nazungumza maziwa. Wakikaa watu wa reli, nazungumza mataruma. Mzungu aliyetengeneza picha hakuwajua watu wa Plateau. Mimi niliwajua."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Wiki ile ya sinema, babangu alikuwa amefanya kazi siku mbili mfululizo, mchana na usiku, kuondoa udongo ulioporomoka kwenye njia, naye mnyapara akamwandikia siku moja. Kambi nzima ilijua. Hakuna aliyethubutu kusema, maana kusema kulikuwa ni kutafuta kufukuzwa. "Babako mwenyewe hakusema. Sasa mimi sikuwa kibarua wa yule kontrakta. Nilipoona yale magogo mawili nikasema, hapa ndipo."

"Mnyapara alikuwapo?" nikauliza.

"Alikuwa amekaa mbele, anacheka kuliko wote! Hata hakujua ni yeye. Alijua kesho yake, watoto walipokuwa wakimfuata wakiimba, mwandikie siku mbili, mwandikie siku mbili."

Sikumuuliza kama baba alilipwa. Nilitazama nje kwa muda.

Mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu, alikuwa amesimama mlangoni. Yeye na ndugu zake ni wapenzi wakubwa wa DJ Afro, na hawakuwahi kuambiwa kwamba babu yao aliifanya kazi hiyo kabla wazazi wao hawajazaliwa. Filamu ya The General sasa ni mali ya umma huko Marekani, na si vigumu kuipata. Nilikuwa nayo kwenye kompyuta yangu ndogo. Tukaiweka juu ya meza, karibu na uso wa mzee. Msichana akawa anasoma vibao vya Kiingereza kwa sauti, na mzee, baada ya kukohoa mara mbili, akaanza.

Mwanzoni alisitasita. Majina mengine aliyasahau. Lakini dereva alipokalia kile chuma cha magurudumu, mzee akasema polepole, "Hata garimoshi limemwonea huruma." Watoto wakasogea. Jirani aliyekuja kuazima jembe akaketi. Tulipofika kwenye magogo, mzee hakusema kuhusu mnyapara. Alimgeukia mjukuu wake mdogo, mvulana ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekataa kuteka maji, akasema, "Mwaona huyu? Mtungi mmoja tu unamshinda mtu hapa, na huyu amebeba magogo mawili!" Nyumba nzima ikacheka, na mvulana akaficha uso kwa aibu.

Nikafahamu, msomaji, kwa nini sikuyakuta maneno yale Nairobi, na kwa nini nisingeyakuta hata Hollywood. Yaliandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa wamekaa pale, usiku ule. Keaton na wenzake walibuni magogo. Mzee alibuni mnyapara. Babangu aliwahitaji wote ndipo acheke.

Nilipokuwa nikiaga, msichana alinionyesha daftari lake la shule. Kurasa za nyuma alikuwa ameyaandika maneno ya babu yake, jinsi alivyoyasema, na juu ameandika jina la filamu, mwaka 1926, na jina kamili la mzee. Nilimsihi aendelee, aje na filamu nyingine, aandike zote wakati mzee bado ana sauti.

Nawe fanya hivyo nyumbani kwako. Jioni hii, kabla ya kuanza kutazama kichekesho, keti kimya dakika moja uyasome yale majina yanayopita mwanzoni, ambayo huyapita kwa kutafuta njugu. Kisha muulize babu au nyanya yako kama aliwahi kuliona gari la sinema, na ni nani aliyekuwa ameshika kipaza sauti.

Na ukija Plateau, njoo na sweta.